Je, Wajua? Keki ya Kigiriki Yenye Sarafu Tumboni

Ugiriki mwaka mpya huanza kwa kisu. Saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari ikishagonga, watu hubusiana, hutakiana heri, kisha keki ya duara yenye tarakimu za mwaka juu yake huwekwa katikati ya meza. Mwenye nyumba, mara nyingi baba au babu, hushika kisu na kuchora msalaba mara tatu juu ya keki bila kuikata. Hapo ndipo anapoanza kukata, na kila kipande hukitajia mwenyewe kwa sauti: hiki cha Kristo, hiki cha Mama wa Mungu, hiki cha Mtakatifu Basili, hiki cha nyumba. Hakuna hata mmoja kati ya hao atakayekula, lakini wote wameshapata kabla ya mwenye njaa yeyote aliyeketi pale. Baada yao hufuata watu wa nyumbani kwa umri, wakubwa mbele wadogo nyuma, mpaka kitoto cha kunyonya ambacho hakijaota hata jino.

Na wasiokuwepo? Nao hukatiwa. Kijana aliyeko Melbourne au Ujerumani kikazi ana kipande chake mezani kwa mama yake, kimetajwa jina na kuwekwa kando. Nyumba nyingi hukata pia kipande cha maskini, au cha mgeni atakayebisha hodi bila taarifa.

Ndani ya keki hiyo kumefichwa sarafu moja, na atakayeikuta kwenye kipande chake ndiye mwenye bahati ya mwaka mzima. Wengi wakisimulia habari za keki hii hukomea hapo kwenye sarafu. Mimi naona sarafu ni chambo cha kuwaweka watoto macho hadi usiku wa manane. Shughuli yenyewe ni kule kuita majina.

Keki inaitwa vasilopita. Pita ni mkate au pai, na Vasilis ni Basili. Herufi ambayo sisi tumeipokea kama B, Wagiriki wa leo huitamka V, kwa hiyo Basili wa Moshi na Vasilis wa Athens wana jina lile lile. Asili yake ni neno la Kigiriki la mfalme. Na hapa pana jambo dogo la kufurahisha: ule mrehani wetu, unaosokotwa kwenye vikuba vya maharusi wa pwani, katika lugha nyingi za Ulaya huitwa kwa jina lililochipuka kwenye shina hilo hilo la kifalme. Kwa Wagiriki rehani ni jani la kanisani. Kasisi huchovya kishada chake kwenye maji ya baraka na kuwanyunyizia waumini.

Je, wajua kwamba Basili mwenyewe alikuwa mtu wa kweli? Alizaliwa yapata mwaka 330 huko Kapadokia, akasoma Athens, akawa askofu wa mji wa Kaisaria mwaka 370, na kwa mapokeo ya kanisa alifariki tarehe 1 Januari 379. Ndiyo maana Waorthodoksi humwadhimisha siku ya kwanza ya mwaka. Wakatoliki wamempa tarehe 2, pamoja na Gregori wa Nazianzi aliyesoma naye.

Hadithi inayosimuliwa juu ya keki inahusu kodi. Mtawala alidai mali kwa wananchi wa Kaisaria, na ambaye hana fedha alete dhahabu. Watu wakavua pete, wakavua herini, wakatoa hata vile vito walivyorithi kwa bibi zao. Basili akavikusanya, lakini mtawala, kwa aibu au kwa hofu ya Mungu, asivichukue. Sasa ikawa kazi: pete hii ya nani, mkufu huu wa nani? Kuwauliza watu ni kufungua mlango wa ugomvi, maana hapakosi mjanja wa kudai kisicho chake. Basili akaagiza iokwe mikate midogo, ndani ya kila mmoja kitu kimoja, kisha igawiwe nyumba kwa nyumba. Na kila mtu, inasemekana, alipoumega mkate wake alikuta mali yake mwenyewe.

Hadithi tamu, ila wasimulizi wengine huitia tundu kwa kumtaja mtawala huyo kuwa ni Kaisari Juliani. Juliani alikufa vitani dhidi ya Waajemi mwaka 363, miaka 7 kabla Basili hajawa askofu. Historia iliyoandikwa haihitaji muujiza wa mikate. Njaa kubwa ilipoipiga Kapadokia mwishoni mwa miaka ya 360, Basili aliwahubiria matajiri wafungue maghala yao na akawalisha wenye njaa. Kisha nje ya mji akajenga majengo ya kutunzia wagonjwa, kulaza wasafiri na kuwahifadhi maskini pamoja na wenye ukoma waliokuwa wakifukuzwa kila mahali. Yalikuwa makubwa kiasi kwamba Gregori aliyafananisha na mji mpya. Yaliitwa Basileias, kwa jina lake, na wanahistoria wa tiba huyataja miongoni mwa mifano ya mwanzo kabisa ya hospitali.

Kutokana na mtu huyo, watoto wa Kigiriki wana mzee wao wa zawadi. Haji Krismasi, huja usiku wa mwaka mpya, na jina lake ni Agios Vasilis, Mtakatifu Basili. Tazama picha zake za kanisani: mwembamba, ndevu ndefu nyeusi, uso wa mtu afungaye sana. Ndivyo alivyokuwa kweli, maana afya yake ilikuwa dhaifu na chakula chake kidogo. Lakini kwenye madirisha ya maduka ya Athens utamkuta ameshanenepa, ndevu zimekuwa nyeupe, kavaa nyekundu. Kitambi cha Santa Klausi kimehamia kwake. Jina na tarehe amekataa kuviachia.

Turudi kwenye sarafu, kwa kuwa nayo ina safari yake. Wagiriki huiita flouri. Neno hilo limetoka kwenye fiorino, sarafu ya dhahabu iliyoanza kupigwa katika mji wa Florence mwaka 1252, yenye uzito wa gramu 3.5 hivi na ua la yungi upande mmoja. Ilikubalika kote Mediterania mpaka jina lake likawa jina la sarafu ya dhahabu yoyote. Waingereza nao walilichukua wakasema florini, na msomaji wa Kenya au Uganda mwenye babu aliyehifadhi sarafu za zamani huenda analijua: mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliondoa rupia na kuleta florini ya Afrika Mashariki. Haikukaa. Mwaka uliofuata ilikuja shilingi, 2 kwa florini 1, na shilingi ndiyo tuliyobaki nayo. Kwa hiyo bibi wa Athens anapoulizia nani kapata flouri, anatamka neno lililowahi kulipia kodi ya kibanda huku kwetu.

Na drakma, fedha ya Wagiriki kabla ya yuro, ndiyo iliyozaa neno dirham la Kiarabu. Asili yake ni kushika, kujaza kiganja. Drakma ilistaafishwa kwa tarehe inayowapendeza wapenda keki: noti na sarafu za yuro ziliingia mikononi mwa watu tarehe 1 Januari 2002, siku ya Mtakatifu Basili yenyewe. Siku hizi nyumba nyingi hutia sarafu ya kawaida ya yuro 1 au 2. Ya yuro 1 ya Kigiriki ina bundi, yule yule aliyekuwa kwenye fedha za Athens ya kale. Sisi tukisikia bundi akilia juu ya paa tunaanza kuulizana nani mgonjwa. Mgiriki akimkuta ndani ya keki anashangiliwa.

Inaokwaje? Haina ugumu, na vitu vyake vyote vipo sokoni. Aina iliyoenea mijini huchukua unga wa ngano nusu kilo, siagi robo kilo, sukari gramu 400, mayai 5, kikombe kimoja cha mtindi mzito, beking pauda na machungwa 2. Siagi iwe imelainika, isiwe imetoka tu kwenye friji. Hupigwa pamoja na sukari mpaka rangi ya manjano ipotee na mchanganyiko uwe mweupe kama krimu. Hapo ndipo mwokaji mvivu hujulikana, kwa sababu keki yake baadaye hutoka nzito kama tofali. Mayai huingia moja moja. Chungwa huparuzwa ile rangi ya juu tu, kwa mkono mwepesi, kwani ukifika kwenye nyama nyeupe umeitia keki uchungu. Kwa wakati huo jikoni kote hunukia maganda. Maji ya chungwa nayo hutiwa, wengine huongeza kijiko cha konyaki, kisha unga na mtindi hupokezana, kidogo hiki kidogo kile, mpaka rojo iwe nzito ya kuning'inia kwenye mwiko.

Humiminwa kwenye chombo cha duara cha sentimita 28 kilichopakwa siagi, na kukaa kwenye oveni ya nyuzi 170 kwa muda wa saa moja hivi. Choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva. Tarakimu za mwaka huandikwa kwa lozi zilizomenywa, au hukatwa kwenye karatasi ambayo huwekwa juu ya keki iliyopoa na kupepetewa sukari ya unga.

Chungwa lenyewe Wagiriki huliita portokali, kwa ajili ya Wareno waliolisambaza. Ndugu zetu wa Muskati, wanaosema burtukali sokoni, watalitambua mara moja.

Sarafu inaingia lini? Hapa waokaji hugawanyika. Wa zamani huisafisha, huizungushia karatasi ya foili na kuitumbukiza kwenye rojo. Tatizo ni kwamba rojo ikiwa nyepesi sarafu huzama hadi chini, ikaacha alama, na hakuna mtoto asiyejua kuinua keki na kuchungulia kwa chini. Wengine husubiri keki ipoe, huipindua, hupasua upenyo mdogo kwa ncha ya kisu na kuisukuma ndani. Hii ni salama zaidi, lakini mwokaji anajua ilipo, na mwokaji ana wajukuu anaowapenda kuliko wengine. Kwa hiyo keki huzungushwa kabla ya kukatwa. Mara nyingine kisu huigonga sarafu katikati ya vipande viwili, na hapo kila nyumba ina sheria zake na mawakili wake.

Usidhani vasilopita zote ni keki za chungwa. Familia zenye asili ya Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul, huoka mkate mtamu wa hamira, unaochanika nyuzi nyuzi, wenye harufu ya viungo vitatu. Cha kwanza ni mahlepi, kiini cha kokwa za cheri mwitu, kilichosagwa. Cha pili ni mastiha, utomvu wa mti mdogo ambao hugemwa kusini mwa kisiwa cha Chios: gome huchanjwa, utomvu hudondoka na kukauka, na wenyeji huyaita matone hayo machozi. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kulima mastiha ya Chios kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Cha tatu msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa, kwa kuwa ni iliki, ile ile ya maandazi na chai.

Upande wa Ugiriki bara, Epiro, Thesalia na Makedonia ya Magharibi, hakuna hata sukari. Huko vasilopita ni pai ya chumvi, yenye tabaka za unga uliosukumwa mwembamba kama manda za sambusa, katikati jibini, liki au nyama. Wachungaji na wakulima wa huko walitia zaidi ya sarafu. Walitia bua la ngano, kijiti cha mzabibu, alama ya zizi la kondoo. Aliyepata bua bahati yake iko shambani, aliyepata kijiti iko kwenye mizabibu, na mwenye alama ya zizi mifugo ndiyo itakayomtajirisha. Nikiambiwa nichague, ningechagua pai hii. Sarafu moja inatoa mshindi mmoja na wengine wote wanabaki na makombo; pai ya wachungaji iligawa mwaka mzima kwa watu wengi.

Je, wajua kwamba Kaisaria ya Basili haiko Ugiriki? Leo ni Kayseri, katikati ya Uturuki. Wakristo Waorthodoksi waliishi Kapadokia tangu zama zake hadi karne ya 20, wengi wao nyumbani wakizungumza Kituruki. Mkataba uliotiwa saini Lausanne tarehe 30 Januari 1923 uliamuru kubadilishana watu kwa dini: Waorthodoksi milioni 1 na ushei wakahesabiwa kwenda Ugiriki, na Waislamu wapatao laki 4 wakaondolewa Ugiriki kwenda Uturuki. Walichobeba ni kile kinachobebeka. Wakapadokia waliotoka Gelveri walianzisha Nea Karvali, karibu na mji wa Kavala, na mpaka leo mahali hapo panasifika kwa kurabiedes, biskuti za siagi na lozi zinazogaagazwa kwenye sukari ya unga wakati wa Krismasi. Tarehe 30 Januari, kwa sadfa, ndiyo sikukuu ambayo kanisa la Kigiriki humkumbuka Basili pamoja na walimu wenzake wawili, Gregori na Yohane Krisostomo.

Ndugu wa keki hii wametapakaa Ulaya. Warumi wa kale, kwenye sherehe zao za Desemba za Saturnalia, walichagua kwa kura mfalme wa mzaha. Waingereza walificha sarafu ya peni sita ndani ya pudini ya Krismasi, na Waserbia hutia sarafu kwenye mkate wa Krismasi. Wafaransa wana keki ya wafalme yenye kidude kidogo cha kauri, na akipataye huvikwa taji la karatasi. Ikulu ya Ufaransa huokewa kubwa kila Januari, ila yao haina kidude ndani: nchi iliyokata kichwa cha mfalme wake haiwezi kumpata mwingine kwenye keki.

Ugiriki ya leo haimalizi jambo hili kwa usiku mmoja. Januari nzima, na hata kuingia Februari, kila kundi la watu hukata vasilopita yake: wizara, benki, vyama vya siasa, klabu za mpira, vyama vya wafanyakazi, kikosi cha zimamoto. Kwenye taarifa za habari utawaona mawaziri wameshika kisu. Ofisini sarafu huwa na zawadi yake, pengine siku ya mapumziko, pengine pauni ya dhahabu, na hapo ndipo wanaosema hawapendi vitu vitamu huonekana wakiomba kipande cha pili.

Huku kwetu Wagiriki walikuja Tanganyika kulima katani, kahawa kandokando ya Kilimanjaro na tumbaku Iringa. Ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, unabeba jina la mmoja wao, George Arnautoglu, aliyetoa fedha za kuujenga. Kanisa la Kiorthodoksi la Afrika Mashariki, hata hivyo, halikuanzishwa na walowezi hao peke yao. Uganda lilianzia kwa Mwafrika, Reuben Spartas, mwaka 1929, na leo liko chini ya Patriaki wa Aleksandria. Tarehe 1 Januari, Riruta jijini Nairobi au Kampala, padri husoma Liturujia ya Mtakatifu Basili, ambayo husomwa mara 10 tu kwa mwaka. Na jimbo la Dar es Salaam kanisa halikuliita kwa jina tulilolizoea. Linaitwa Irinoupolis: irini ni amani, polis ni mji.

Imebaki hesabu ya sarafu. Ikitokea kwenye kipande cha Kristo au cha mtakatifu, hakuna aliyeshinda. Fedha huenda kwenye sanduku la kanisa au kwa maskini. Ikitokea kwenye cha nyumba, bahati ni ya wote. Ikiwa kwenye cha yule aliyeko Melbourne, mama huifunga kwenye karatasi, huandika jina, na kuiweka kabatini mpaka mwenyewe arudi. Na ukialikwa mwezi wa Januari kwenye nyumba ya Mgiriki, tafuna polepole.